Moyo ukisimama ghafla, kumpoza mtu kwa barafu kunasaidia?

MuuzaZabibu: Wakuu, Jumamosi hapa soko la Majengo, Dodoma, mzee tunayeuza naye zabibu alidondoka akinirudishia chenji. Noti ya elfu mbili ilibaki mkononi mwake. Watu wakamwagia maji, mama mmoja akampepea kwa kanga. Tukampakia kwenye bajaji, hakufika. Shemeji anasema Ulaya wanampoza mtu kwa barafu, anaamka. Kweli?

NesiWaZamu: Pole sana kaka. Kupoza mwili kulivuma miaka ya 2000. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021 haukuona faida ya kushusha joto hadi nyuzi 33 kuliko kuzuia homa tu. Ipo pia mashine inayotoa damu, kuitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Ila hayo yote ni ya baadaye, hospitalini. Dakika za kwanza ni zenu hapo sokoni.

BodaIpagala: Mimi nilikuwepo. Alikuwa anakoroma, tukajua anapumua.

NesiWaZamu: Hapo ndipo wengi hukosea! Haitiki, anakoroma kwa kukatakata: moyo umesimama. Mlaze chali chini pagumu, viganja katikati ya kifua, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukikandamiza, achia kifua kiinuke tena. Ukichoka, mwingine apokee. Ubavu ukilia, endelea. Maji wekeni kando.

MuuzaZabibu: Dada, tulikuwa wanaume kama kumi pale. Kumi.

NesiWaZamu: Hamkuwa mmefundishwa, kaka. Alhamisi sina zamu, nakuja sokoni na mto wa kufanyia mazoezi.