Kumwachisha ziwa mtoto kabla mdogo wake hajazaliwa

Mama Kifungua
Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi tisa, nami nina ujauzito wa miezi mitano. Mchana anakula vizuri, lakini usiku hapati usingizi pasipo ziwa, na akiamka huvuta kanga yangu mpaka apewe. Mama mkwe anashikilia kwamba maziwa ya mjamzito yatambemenda mtoto, yaani yatamdhoofisha, na ameshaniletea shubiri nijipake. Je, nimwachishe sasa au nisubiri, na usiku nifanyeje asije akaona anafukuzwa ili ampishe mwenzake?

Muuguzi wa Kliniki
Dada, maziwa ya mjamzito hayamdhuru mtoto. Naona wazee waliona jambo la kweli wakakosea sababu yake: mtoto aliyekatishwa ziwa ghafla kwa ajili ya mimba, kisha akapewa uji mwepesi wa mahindi matupu, alidhoofika kweli, ila kilichomdhoofisha kilikuwa ni uhaba wa chakula. Maziwa yenyewe hupungua, mara nyingi kuanzia mwezi wa nne au wa tano wa mimba, kisha hugeuka dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na ladha yake hubadilika, hata watoto wengine huacha wenyewe.

Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka 2 na zaidi, kwa hiyo hulazimiki kumwachisha. Ukiamua kumwachisha, anza mapema, kwani akinyimwa ziwa wiki ileile anayomwona mchanga analinyonya, atajua nani kamnyang'anya. Acha kwanza ziwa la mchana, mzoee hali hiyo kwa siku kadhaa, ndipo uguse la usiku. Uji wake utie karanga za kusaga, na asikose yai, dagaa au maziwa. Iwapo unatokwa damu, au uliwahi kujifungua kabla ya wakati, wahi kliniki kabla ya kufuata ushauri wowote wa humu.

Bibi wa Pangani
Marahaba, mwanangu. Shubiri tulipaka na watoto waliacha, hilo silikatai, lakini pilipili usikubali kabisa, maana humwunguza mdomo na akijipangusa humwingia machoni. Usiku vaa gauni lisilofunguka kifuani badala ya kanga, baba yake alale katikati, na akiamka yeye ndiye ambembeleze na kumpa maji kwa kikombe. Wala usimpeleke kijijini ili asahau, kwani atakuwa amekosa ziwa na mama kwa wakati mmoja.

Mama wa Wawili
Mimi sikumwachisha mkubwa, nikawanyonyesha wote wawili. Mchanga alitangulia kila mara, kwa kuwa dang'a ya siku za mwanzo ni haki yake. Inawezekana, ila njaa na uchovu wake si mchezo, na asiye na msaidizi nyumbani simshauri.

Mama Kifungua
Ahsanteni sana. Baba yake hufanya kazi zamu ya usiku, na nahofia pia matiti kujaa.

Muuguzi wa Kliniki
Basi shangazi yake au dada wa kazi aliyemzoea anaweza kumlaza. Kinachotakiwa ni mtu asiyenukia maziwa. Matiti yakijaa, kamua kidogo tu upate nafuu, usiyamalize, kwa sababu ukiyamaliza yatatengenezwa mengine, na weka kitambaa cha maji baridi. Ziwa likiwa jekundu na la moto, nawe ukapata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.