Nanaa ya mama mkwe inanifia mikononi, naomba ushauri

Kisonge_Mie
Asalaam aleikum waungwana. Nina nanaa kwenye makopo 6, roshani ya ghorofa ya tatu, Michenzani. Masika yote ilikuwa imejaa mpaka inamwagika nje. Kipupwe kimeingia tu, majani yamekuwa manjano na yanapukutika. Makopo ni ya mkwe wangu, kaniachia kwa amana, na anarudi kutoka Maskati Ijumaa ijayo. Nifanyeje?

Bi_Mkunazini
Waaleikum salaam. Geuza jani utazame chini yake. Ukiona vidoa vya rangi ya chungwa kama kutu ya bati, huo ni ukungu. Majani hayo yakate ukayatupe mbali. Kama hamna, tia kidole udongoni. Mkavu au umerowa? Na makopo yana matundu?

Mchumaji_Wete
Bibi yangu hakuwahi kumwagia nanaa maisha yake. Ilikuwa nyuma ya bafu la uani, maji ya kukogea yanapita hapo hapo. Tukitumwa kuchuma ya chai tunarudi na matope mpaka magotini. Siku moja mbuzi wa jirani akaingia akaila yote. Bibi aligomba mtaa mzima ukasikia, na baada ya wiki chache nanaa ikarudi imefunga kuliko mwanzo. Mbuzi hakurudi, alishachinjwa.

Mpenda_Urojo
Mie ningekuwa wewe ningeanza kutafuta nyumba ya kupanga.

Kisonge_Mie
Kutu hamna. Matundu yapo. Udongo mkavu.

Bi_Mkunazini
Mkavu kwa nini? Unamwagia lini mwanangu?

Kisonge_Mie
Kusema kweli simwagii, wiki ya tatu hii. Nimeikata ikabaki vidole viwili, nimeitia stoo na gunia juu. Kuna mama wa Kiingereza kwenye video, anasema wakati wa baridi nanaa hulala: ikatwe, maji yapunguzwe, ifichwe isipigwe na barafu. Sikufanya kwa ujinga, yule mama ana bustani miaka 30.

Mpenda_Urojo
Barafu ya Michenzani 😂😂 labda ile ya muuza juisi.

Jicho_La_Kuku
Ngojeni kwanza. Juu kaandika roshani na majani ya manjano. Sasa iko stoo na imekatwa. Majani gani hayo yanayopukutika kwenye vijiti vya vidole viwili? Uzi wa kutunga huu. Kesho mtamuona anauza miche.

Mchumaji_Wete
Kweli bwana. Na mkwe gani anamwachia mwanamme nanaa?

Kisonge_Mie
Wallahi situngi. Nimekata 3, 3 bado ziko roshani. Nilikuwa najaribu kwanza. Mke wangu yuko kazini Pemba, ndo maana nimeachiwa mie.

Niko_Leicester
Huyo mama hakukosea, kakosea aliyemsikiliza. Huku Uingereza baridi ikipiga nanaa inakauka juu yote, unabaki na kopo la udongo, mwezi wa Machi inachipua yenyewe maana mizizi ilikuwa hai. Lakini Disemba mwanga wetu haufiki masaa manane kwa siku, na udongo unaganda. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta; siku fupi na ndefu zinapishana dakika 40 hivi. Kipupwe ni shuka moja usiku. Nanaa yako haijalala, ina kiu.

Bi_Mkunazini
Na hizo za roshani zinakaushwa na kusi. Ghorofa ya tatu upepo unapiga moja kwa moja. Zisogeze nyuma ya ukuta, jua la asubuhi tu, maji kila siku.

Kisonge_Mie
Sawa, ila nishamwagiza mchuuzi wa Darajani mafungu 6. Nitachomeka tu, nanaa ni nanaa.

Bi_Mkunazini
Shina lililotiwa kwenye glasi ya maji latoa mizizi kwa wiki moja au mbili. Ijumaa atakuta vijiti vimelala. Na harufu ya nanaa yake ataijua toka mlangoni.

Jicho_La_Kuku
Picha ya stoo iko wapi?

Kisonge_Mie
Simu yangu kamera imekufa. Nimeshuka stoo sasa hivi na tochi. Kopo la katikati, pembeni kabisa, kuna kitu cha kijani, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Viko viwili. Nimwagie usiku huu au ningoje asubuhi?

Bi_Mkunazini
Kidogo sasa hivi. Na hilo gunia litoe.