Nitajuaje kazi inayonifaa kabla sijalipa karo nyingine? Ualimu, forodha au ufundi wa umeme

Mtunza Stoo, Tororo

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina shahada ya usimamizi wa biashara kutoka chuo kikuu cha serikali, na tangu nihitimu nimeajiriwa kama mtunza stoo katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda. Mshahara unaingia kila mwezi, ingawa baada ya kulipa kodi ya nyumba na karo ya mdogo wangu hakisalii kitu cha kutajwa, na tajiri wangu ni mtu mwema. Sisukumwi na njaa. Ninachoona ni kwamba umri unasogea nami sijui ninaelekea wapi.

Niruhusuni nieleze kazi yenyewe. Asubuhi napokea mizigo: saruji, nondo, rangi, misumari ya kupimwa kwa kilo, mabati ya geji 28 na geji 30, yaani ya unene tofauti. Kila kinachoingia na kila kinachotoka nakiandika, na jioni nalinganisha daftari na kilichomo stooni. Saa hiyo ya jioni ndiyo inayonichangamsha. Hivi karibuni daftari lilionyesha mabati 12 ya geji 28 ambayo hayakuwapo; wenzangu wakataka tuyaandike kuwa yameharibika ili tufunge duka, nikakataa, nikapekua ankara moja baada ya nyingine mpaka nikagundua kwamba karani wa mauzo alimwandikia mteja geji 30 ilhali alipewa geji 28, na kweli upande wa geji 30 tulikuwa na ziada ya 12. Usiku ule nililala vizuri. Nikipangwa kaunta, kinyume chake, kupatana bei na wateja siku ya soko, narudi nyumbani sina hamu hata ya kula.

Sasa nina njia tatu mbele yangu. Mama anataka niwe mwalimu wa Kiswahili, kwa kuwa nimekikulia na kwa kuwa ualimu una pensheni. Rafiki yangu aliyeko Malaba, mpakani na Kenya, anasema niingie kazi ya wakala wa forodha. Shemeji yangu, ambaye ni fundi, anasema shahada haziliki, nikajifunze umeme katika chuo cha ufundi cha Nakawa, Kampala. Kila njia inadai ada na muda, na sina akiba ya kukosea mara mbili. Mtu hupimaje kama kazi inamfaa kabla hajailipia?

Wakala wa Mpakani, Malaba

Kaka, karibu. Wengi wakisikia wakala wa forodha humfikiria kijana anayekimbizana na malori akiwa ameshika makaratasi. Mambo yamebadilika. Tangu utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha uanze mwaka 2014, bidhaa nyingi zinazokuja Uganda hutolewa tamko, yaani maelezo rasmi ya mzigo kwa forodha, na kulipiwa kodi mzigo ungali Mombasa, na lori likifika hapa mpakani hukaguliwa hati na lakiri likaendelea na safari. Kwa hiyo sehemu kubwa ya siku yangu naitumia mbele ya kompyuta, kwenye mfumo wa Asycuda wa mamlaka ya mapato.

Chukua mfano wa kontena la vifaa vya mabomba. Ankara ya muuzaji inasema tu kwamba ni vifaa vya maji. Mimi natakiwa nitenganishe mabomba ya plastiki, viungio vya chuma, koki na masinki, kila kimoja nikitafutie namba yake katika kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, kwa sababu namba ndiyo inayoamua kama utalipa asilimia 0, 10, 25, au 35 iliyoongezwa kwa baadhi ya bidhaa mwezi Julai 2022. Juu ya ushuru huo inakuja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na kwa asiyesamehewa, kodi ya zuio, yaani kodi ya mapato inayokatwa mapema, ya asilimia 6. Tofauti ya asilimia 10 na 25 katika kontena moja inaweza kumeza faida yote ya mwenye mali, na ukiandika namba isiyo sahihi lori linaegeshwa, faini inakuja, na simu yako haipumziki. Yule aliyekataa kufunga duka kwa sababu ya mabati 12 angeipenda sehemu hii.

Lakini iko sehemu nyingine, nayo nakueleza waziwazi. Siku nzima unakuwa kati ya watu watatu: mwenye mali anayetaka mzigo wake jana, dereva aliyelala barabarani, na afisa anayetaka maelezo zaidi. Utaongea Kiswahili mpaka koo likauke, na madereva wa Mombasa na wa Kongo hawana subira. Wapo pia wateja watakaokuletea ankara yenye bei ya chini kuliko waliyolipa na kukuomba uinyamazie. Ukikubali, jina lako ndilo lililoko kwenye tamko. Ukikataa, atampelekea mwingine. Kipato nacho hutegemea idadi ya faili. Mwezi wa mizigo mingi utacheka, mwezi mkavu utakopa. Mnamo Januari 2022, malori yalipojipanga kilomita nyingi upande wa Kenya kwa sababu ya vipimo vya korona, hapa mpakani hatukuwa na la kufanya ila kungoja.

Kuhusu masomo, kipo cheti cha mawakala wa forodha kinachotambuliwa Afrika Mashariki nzima, ambacho vyama vya mawakala hukitoa kwa kushirikiana na mamlaka za mapato. Leseni hupewa kampuni, tena huhuishwa kila mwaka, hivyo utaanza kama mfanyakazi wa mtu.

Mwalimu wa Kiswahili, Mbale

Mwanangu, mama yako anakutakia mema, ila kuna jambo ambalo huenda hakuelezwa. Kukulia Kiswahili hakukupi ruhusa ya kukifundisha. Mwenye shahada isiyo ya ualimu kwa kawaida hupitia stashahada ya uzamili ya ualimu, na huko hutazamwa masomo ya kufundishia yaliyomo ndani ya shahada yake ya kwanza. Shahada ya biashara inaweza kukuelekeza kwenye ujasiriamali, pengine na uchumi. Kiswahili utalazimika kukisoma upya. Uliza chuo chenyewe kabla hujanunua fomu, na waonyeshe karatasi yako ya matokeo, si cheti tu.

Ni kweli kwamba somo letu limepanda hadhi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umelifanya la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza liwe la lazima shule za msingi na sekondari. Ila kati ya pendekezo na mshahara ipo safari. Katika shule nyingi za binafsi mwalimu hulipwa kutokana na ada za wazazi, na wazazi wakichelewa naye anachelewa. Serikalini kuna usalama zaidi, lakini utakumbuka kwamba mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye shahada walipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na sisi wa sanaa tukabaki tulipokuwa, ndipo ukaja mgomo wa mwezi Juni.

Hayo yote yangeweza kuvumilika kwa mtu mwenye wito. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta watoto ndani yake, na sikuwakuta. Umeeleza mabati kwa mapenzi, misumari umeitaja kwa kilo, lakini kuhusu kijana wa kidato cha kwanza ambaye hajui ngeli na anaona aibu kuuliza hukusema neno. Pengine ni kwa sababu hukuulizwa. Basi jipime: jioni kadhaa wasaidie watoto wa jirani kazi zao za shule, jambo lile lile moja ulirudie kwa njia tofauti kwa yule asiyeelewa, halafu tazama kama unatoka pale kama unavyotoka kaunta au kama unavyotoka stooni. Na ujue kwamba chini ya mtaala huu asilimia 20 ya alama za mtihani wa kidato cha nne hutokana na kazi tunazozisahihisha na kuzirekodi wenyewe kwa miaka. Rekodi utazipata, nazo ungezitunza vizuri, ila hazitunzi darasa.

Fundi Nyaya, Jinja

Nitatofautiana kidogo na Mwalimu, kwa heshima. Mimi nilipoingia chuo cha ufundi sikuwa na mapenzi yoyote na umeme. Nilikuwa mwanamke pekee darasani na nilikwenda kwa sababu nafasi ilipatikana. Mapenzi yalikuja baadaye, siku nilipoweza kusimama mbele ya boksi la swichi na kujua hitilafu iko wapi kabla sijashika bisibisi. Kwa hiyo usidhani kwamba kila kazi ambayo haijakugusa leo haitakugusa kesho.

Hata hivyo shemeji yako amekupa nusu ya maelezo. Nakawa ni chuo chenye jina, kilichojengeka kwa msaada wa Japani, na mafunzo yake ni mazuri. Mtu aliyejifunzia kazini naye anaweza kupimwa akapewa cheti cha kiwango alichofikia, bila kuanza mwanzo. Ila kufunga nyaya za nyumba kisheria kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ambacho hutolewa kwa madaraja, na wengi huko vijijini hawanacho. Na umesema hupendi kupatana bei. Kaka, fundi anapatana bei kila siku: unakata ukuta na kupitisha mabomba ya kuwekea nyaya kabla ya plasta, unalipwa sehemu, kisha mwenye nyumba anaishiwa fedha na nyaya unazipitisha mwaka unaofuata kwa bei aliyoikumbuka yeye. Kama ungekuja Jumamosi moja ukashika upande wa pili wa waya ungeyaona haya bila kulipa ada ya chuo chochote.

Mhasibu, Kampala

Nashangaa kwamba katika njia zako tatu haimo ile uliyoieleza kwa kirefu. Kulinganisha daftari na stoo, kukataa maelezo mepesi, kufuata ankara hadi kwenye chanzo cha kosa: hiyo ni kazi ya mkaguzi wa hesabu wa ndani, na watu hulipwa kwayo. Kila wilaya ina kitengo cha ukaguzi wa ndani. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, viwanda vya saruji, wauzaji wa kahawa nje na mashirika ya misaada wote wanahitaji watu ambao hawalali hesabu isipokubaliana.

Njia ya kitaaluma ni mitihani ya uhasibu ya CPA inayosimamiwa na taasisi ya wahasibu wa umma, ICPAU, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1992. Mwenye shahada kama yako huweza kuomba asamehewe baadhi ya karatasi, na unaweza kusoma usiku huku ukiendelea na stoo, jambo ambalo ualimu na Nakawa havitakuruhusu. Si rahisi, wako watu ninaowaheshimu walioziacha katikati. Lakini unalipa karatasi baada ya karatasi, na ukiona haikufai utakuwa umepoteza ada ya msimu mmoja.

Mama yako mwambie pia kwamba akiba ya uzeeni haiko kwenye ualimu peke yake. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, irekebishwe mwaka 2022, mwajiri wa sekta binafsi anawajibika kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja: asilimia 5 kutoka kwenye mshahara wako na asilimia 10 kutoka kwake. Tajiri wako ni mtu mwema, umesema. Muulize kwa adabu kama michango yako inafika, na kama haifiki, anzia hapo kabla ya kuwaza chuo.

Juu ya forodha, simpingi ndugu yetu wa Malaba. Mkaguzi aliyewahi kuandaa tamko la forodha ana thamani kubwa kwa kampuni yoyote inayoagiza bidhaa, na kwa umri wako ningezitazama hizo mbili kama barabara moja.

Mtunza Stoo, Tororo

Nawashukuru nyote, na Mwalimu nakushukuru kipekee, kwa sababu nilipoirudia barua yangu niliona ni kweli. Umeme nauweka kando, ingawa Dada wa Jinja nitakuja hiyo Jumamosi kwa udadisi, na shemeji nitamjibu mwenyewe. Michango ya NSSF nitaiulizia mwisho wa mwezi huu. Wakala, naomba jambo moja: inawezekana nije niketi nanyi siku moja ofisini, nitazame tu?

Wakala wa Mpakani, Malaba

Inawezekana. Njoo siku ya kazi, na ukipata ruhusa iwe siku ambayo malori ni mengi, maana siku tulivu itakudanganya. Ofisi yetu iko nje ya lango la forodha, hivyo hutahitaji kibali, ila beba kitambulisho chako cha taifa. Nitakupa ankara ya zamani iliyokwisha kulipiwa, jina la mwenye mali nikiwa nimelifunika, pamoja na kitabu cha ushuru, uzitafutie bidhaa namba zake mwenyewe. Baadaye tutalinganisha na tamko lililopita. Mchana nitakukabidhi simu yangu uwajibu wateja kwa saa moja. Ukiweza yote mawili, tutazungumza habari za cheti. Ukiweza la kwanza tu, Mhasibu amekwisha kukujibu. Chakula cha mchana utajilipia.