GMC CCKW ya 1/35 na tela la Ben Hur: gurudumu linaning'inia, tela linainua pua

Swali
Wakuu, naunda modeli ya plastiki ya GMC CCKW-353, lori la jeshi la Marekani la Vita vya Pili vya Dunia, ya kipimo cha 1/35 (ndogo mara 35 kuliko gari halisi), pamoja na tela lake la kijeshi la Ben Hur la tani moja. Chesisi nimeshaigundisha. Nikiliweka lori juu ya kioo, magurudumu ya ekseli ya kati upande wa kulia yanaelea, karatasi mbili zinapita chini yake. Nivunje ekseli? Na tela nikiliunganisha na ndoano linainua pua. Matairi ni ya vinaili, plastiki laini kama mpira.

Jibu 1
Usivunje kitu kwanza, mkuu. Toa magurudumu, laza chesisi kifudifudi juu ya kioo, bonyeza pembe zake moja moja. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, imepinda chesisi yenyewe. Hutokea ukiiinua mapema: gundi nyepesi ya modeli, inayoyeyusha plastiki, hushika kwa dakika chache, lakini plastiki kwenye maungio hubaki laini kwa saa nyingi. Ichovye kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 hivi (yanayochemka yataiharibu), ipinde upande wa pili ikipitiliza kidogo, kisha ishikilie hivyohivyo ndani ya maji baridi.

Ikiwa imenyooka, basi ni springi za nyuma. Kwenye GMC halisi springi hizo huyumba juu ya egemeo la katikati, ndiyo maana ekseli mbili za nyuma hupokezana kupanda na kushuka. Pitisha wembe mwembamba hapo katikati, paache bila gundi. Zile fimbo zinazozuia ekseli zisisogee mbele na nyuma ndizo mchawi wa tatizo hili: ukizigundisha mapema, ekseli inafungwa ilipo. Zitoe. Zirudishe mwishoni kabisa, lori likiwa juu ya kioo na magurudumu yake yote 10, na uzito wa gramu 100 hivi ukikandamiza bodi. Lisiguswe mpaka kesho yake.

Jibu 2
Nijibu la tela. Lori na tela hilo vinatumia tairi saizi moja, 7.50-20, kwa hiyo linganisha kwanza kimo cha magurudumu ya lori na ya tela. Yakilingana, kosa ni mzigo. Tela lina ekseli moja tu. Uzito ukizidi nyuma yake, pua lazima iende juu. Bandika chubwi za mshipi, gramu 10 zinatosha, chini ya mzigo, mbele ya ekseli.

Tafadhali kunja ule mguu wa mbele wa tela, unaolishikilia likiwa halijaungwa. Tela lililoungwa kwenye lori huku mguu umesimama chini ni kosa linaloonekana hata kwa mbali. Waya wa taa unaotoka kwenye lori kwenda kwenye tela, wa unene wa milimita 15 kwenye gari halisi unakuwa milimita 0.4 kwenye kipimo chako. Uache ulegee ili lori liweze kukata kona.

Jibu 3
Kuhusu vinaili: mafuta yaliyomo humo hulainisha plastiki ya rimu taratibu, baada ya miaka unakuta rimu imeyeyuka. Paka rimu praima, rangi na vanishi, zikauke kabisa ndipo uvishe tairi. Mshono wa katikati ya tairi uondoe kwa msasa namba 400, tairi ikiwa imetoka kwenye friza. Ikiwa na joto vinaili hunyofoka nyuzinyuzi.