Kamera ya harusi ya 2003: gumzo la Familia ya Walukuba

Hamza: Asalaam alaikum wote. Ile kamera ya kanda ya marehemu babu nimeipata kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda na kanda ya harusi ya Shangazi Mwajuma bado imo ndani. Nimechaji betri ikawaka ila nikicheza picha inakuwa vitofali vitofali vya rangi na sauti inakatika. Fundi mmoja hapa Jinja kaangalia dakika mbili akasema kanda imekufa nitupe

Shangazi Mwajuma: Waalaikum salaam. Banange usitupe kitu!! Jajja, bibi yenu, yumo humo

Mama Shamim: Yumo kweli, na lile gauni lake la gomesi la zambarau, alikuwa anaimba pale mlangoni. Hatuna sauti yake mahali pengine popote

Hamza: Sitatupa. Nimechukua pamba za masikio na spiriti ya vidonda, nataka nisugue ile dramu inayozunguka huko ndani

Mjomba Idi: HAMZA SIMAMA weka hiyo pamba chini

Mjomba Idi: Ngoja niandike nikae vizuri maana hapa ndipo watu wanaua kamera. Pamba inaacha nyuzi, na hedi yenyewe, ile inayosoma utepe, ni kajiwe kadogo kanakochungulia kwenye ukingo wa dramu, uzi ukikanasa ukavuta kanavunjika na hakuna fundi wa kukurudishia. Na hiyo spiriti ya vidonda mara nyingi imechanganywa na mafuta kidogo ili isikaushe ngozi, sasa ukiipaka kwenye hedi umeongeza uchafu juu ya uchafu

Hamza: Sawa Mjomba. Nifanyeje

Mjomba Idi: Kwanza toa kanda ya harusi. Ikikataa kutoka usiivute, nipigie. Tafuta kanda nyingine iliyorekodiwa na kamera hiyohiyo, ambayo hata ikiharibika hatutalia, uicheze. Ikileta vitofali vilevile mgonjwa ni kamera. Ikicheza safi ndio tuanze kuogopa kanda

Mama Shamim: Kuna ile ya mechi za watoto wa mtaa, tumia hiyo

Hamza: Nimejaribu. Vilevile tu. Ila kuna kitu, picha imekaa kama mapande, pande moja watoto wanakimbia, pande la chini yake limeganda, tena linalokimbia, tena limeganda

Mjomba Idi: Alhamdulillah hiyo ni habari njema sana. Dramu ya kamera za MiniDV, hizi za kanda ndogo kama yetu, ina hedi mbili zinasoma mistari kwa zamu, ukiona pande hai pande limeganda ujue hedi moja imeziba na mwenzake anafanya kazi. Kanda haijafa. Elewa udogo wa kitu tunachozungumzia: utepe wote una upana wa milimita 6.35, kila mstari juu yake ni maikroni 10, unywele wako ni mnene mara kadhaa kuliko huo, na dramu inazunguka mara 9000 kwa dakika. Vumbi kidogo tu la utepe wa zamani likigandamana pale mbele basi hedi haioni kitu

Shangazi Mwajuma: Idi mimi hayo sielewi, niambie tu itapona?

Mjomba Idi: Dada mimi naamini itapona

Mjomba Idi: Hamza nenda kwa hao wanaotengeneza simu, waombe isopropili, spiriti safi ile ya asilimia 99, wanakuwa nayo ya kusafishia bodi, kachupa kadogo kanatosha. Tafuta na kipande cha ngozi laini isiyotoa nyuzi. Fungua mlango wa kanda, kisha chomoa betri na waya. Lowesha ngozi, isidondoke. Igusishe ubavuni mwa dramu, ishike ITULIE hapohapo, halafu kwa mkono mwingine zungusha dramu polepole ukiigusa juu kabisa pale pasipopita utepe. Dramu ndiyo inayotembea, ngozi haitembei. Usipande wala kushuka hata mara moja, juu chini ndiko kunang'oa hedi. Geuza ngozi upande safi rudia, mpaka itoke bila weusi. Kale karola ka mpira kanakovuta utepe usikape isopropili, inakausha mpira, kafute na kitambaa chenye maji kidogo tu. Acha wazi nusu saa

Mama Shamim: Na zile kanda za kusafishia si rahisi zaidi? Babu alikuwa nayo moja

Mjomba Idi: Zinasaidia lakini ni kama msasa laini, sekunde 10 unasimamisha na hairudishwi nyuma. Mtu akiiacha icheze kama wimbo anakula hedi

(Jumapili)

Hamza: Mjomba ngozi imetoka na mstari mweusi kama wa penseli. Nikageuza nikarudia mara tatu. Lakini sasa nikiwasha inaleta alama ya tone la maji na inakataa kabisa kucheza

Mjomba Idi: Mvua inanyesha huko?

Hamza: Tangu asubuhi

Mjomba Idi: Ndio hiyo. Unyevu umekaa kwenye dramu, kamera inajilinda utepe usigande pale. Acha mlango wazi saa nzima au zaidi, mbali na jiko, usipulizie na drai ya nywele

Hamza: Imekubali. Kanda ya mechi INACHEZA SAFI hakuna kitofali

Shangazi Mwajuma: Allahu akbar. Weka ya harusi sasa

Mjomba Idi: Subirini kidogo wapendwa. Kanda imekaa miaka bila kuguswa, kwanza ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe yote ili utepe ukae sawa. Na ikicheza mara ya kwanza iwe tayari inanakiliwa kwenye laptopu, maana hedi inaweza kuziba tena katikati. Tumia waya wa FireWire, ule wa kupitisha video kutoka kamera kwenda kompyuta, USB ya kamera nyingi za wakati ule ni ya picha za mnato tu. Saa moja ya kanda inakula kama GB 13, hakikisha nafasi ipo

Hamza: Laptopu yangu haina hilo tundu

Mama Shamim: Ile kubwa nzito ya baba Shamim inalo, ipo kabatini. Namtuma Shamim na boda sasa hivi

(Usiku)

Hamza: Inanakili, dakika ya 41, karibu GB 9. Shangazi nimekurekodia kidogo na simu sikiliza hapo juu

Shangazi Mwajuma: Ni yeye

Shangazi Mwajuma: Anaita watu waingie kula, ananiita Mwaju, hakuna mwingine aliyeniita Mwaju

Mjomba Idi: Nimesikia dada. Hamza usiguse kitu mpaka ifike mwisho, na umeme ukikatika laptopu ina chaji?

Hamza: Asilimia 80