Kuvaa sare ya vita ukiwa na jipu la 1943: barabarani pia, au uwanjani tu?

GariLaKijani
Wakuu salaam. Kundi letu hapa Uingereza linatunza jipu la kijeshi la Kimarekani, Willys MB ya 1943, na trela yake ya robo tani. Juni tunavuka kwa feri ya Portsmouth hadi Ouistreham, kisha Arromanches na Sainte-Mère-Église, huko Normandy, Ufaransa. Tumegawanyika. Wengine wanataka sare ya Kimarekani ivaliwe tangu nyumbani: sheli, ferini, hotelini. Wengine wanasema uwanjani pa maonyesho tu. Sheria inasemaje, na kwa upande wa usalama je? Tukivaa, tuvae nini hasa? Gari lina bunduki ya rashasha ya bandia, Browning, juu ya nguzo.

SheriaNaSare
Mkuu, Uingereza bado inatumia Sheria ya Sare ya 1894. Inamkataza raia kuvaa, bila idhini, sare ya majeshi ya nchi hiyo au nguo zenye sura na alama zake. Wanaoruhusiwa ni wa michezo ya jukwaani, sarakasi na maonyesho ya kweli ya kijeshi. Kwa sare ya Kimarekani ya 1943, sheria hiyo haiwagusi. Anayejiingiza matatani ni mwenye Land Rover ya juzijuzi anayevaa MTP, yale madoadoa ambayo askari wa Uingereza wanayavaa hadi leo. Hayo msiyatoe nje ya uwanja hata kwenda kununua maziwa, maana watu watadhani mko kazini.

Mkiwa na mwenzenu wa magari ya Kijerumani, mwambieni mapema. Ufaransa inatoza faini ya hadi euro 1,500 kwa kuvaa hadharani sare au alama za vikundi vilivyotangazwa vya kihalifu na mahakama ya Nuremberg, SS ya Wanazi ikiwemo, isipokuwa kwa filamu, tamthilia au maonyesho ya historia. Kusimama sheli si maonyesho. Ujerumani ni kali zaidi: kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinaweza kukupa hadi miaka 3 kwa swastika iliyopo kwenye kofia tu.

Browning iteremsheni. Kuwa na silaha ya bandia mahali pa umma bila sababu ya msingi ni kosa Uingereza. Anayepiga simu polisi haoni bandia, anaona bunduki ya rashasha imepita mbele ya shule. Ifungieni kwenye sanduku lenye kufuli, chini ya turubai ndani ya trela, na kampuni ya feri ijulishwe kabla ya siku ya safari.

Ndugu mnaosoma kutoka nyumbani, msiige. Agosti 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, ilitoa siku 7 kwa raia kusalimisha sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Hapo neno "hobi" halikusaidii.

FundiKlachi
Mimi naangalia miguu ya dereva. Buti za Kiingereza za wakati ule zina njumu 13 za chuma kwenye soli, pamoja na bamba la ncha na la kisigino. Pedali za Willys ni ndogo, za chuma, zimekaribiana, na mvua ikinyesha sakafu yote ni maji. Mguu unateleza kutoka kwenye breki. Na breki zenyewe ni za ngoma, mfumo mmoja wa mafuta kwa magurudumu yote manne, bila msaada wa injini. Dereva avae viatu vya Kimarekani vya soli ya mpira.

Legingi za turubai (zile za kufunika mguu juu ya kiatu): ndoano na kamba zikae upande wa NJE wa mguu. Ukizibadilisha, kulia kwenda kushoto, ndoano zinakutana katikati na zinanasana. Mtu anakanyaga klachi, mguu mwingine unafuata. Koti refu la sufi nalo lisikae kwa dereva, kwa sababu katikati kuna leva tatu (gia, ekseli ya mbele, na ya gia nzito) na ncha ya koti inazinasa.

Halafu mafuta. Tangi la MB liko chini ya kiti cha dereva. Unainua mto, unafungua kifuniko, na bomba la sheli likirudisha povu, petroli inamwagika pale pale utakapokalia. Suruali ya sufi inainywa na kubaki nayo. Kwa hiyo jazeni polepole, futeni, subirini ikauke, ndipo mrudishe mto. Safarini vaeni ovaroli ya pamba na sare ibaki kwenye begi.

La mwisho, rangi ile ilitengenezwa ili usionekane. Gari likizima jioni kando ya barabara, aliyevaa kijani-udongo anapotea kabisa. Koti la kuakisi liwe karibu na mkono, na livaliwe juu ya sare KABLA ya kushuka. Msilifungie kwenye trela.

BiUzi
Nami nasema uwanjani tu. Ila mkivaa, mvae sawasawa, kwani sare iliyokosewa inamdhalilisha aliyeivaa kweli.

Kila mtu anataka kuwa wa parachuti. Ukimuona na jaketi la M43 na buti za bakli mbili akisema yeye ni wa Divisheni ya 101 ya parachuti ya Marekani tarehe 6 Juni 1944, siku ya kutua Normandy, amekosea miezi mitatu: vile walivipata kabla ya kurushwa Uholanzi, Septemba 1944. Kwa Juni, dereva wa kawaida anatosha na shati la sufi, jaketi fupi la M41, au ovaroli ya HBT, ile ya kitambaa chenye mistari kama miiba ya samaki. Kwenye kofia ya chuma ya M1 tazama mshono wa ukingo. Mbele ni sawa. Nyuma ni ya mwisho wa 1944 au baadaye.

Beji ya begani ikubaliane na maandishi ya bampa. Bampa ikiwa ya kikosi cha ugavi na bega likawa la parachuti, anayejua anaona mara moja.

Na kwa nini tusivae ya ugavi? Msafara wa Red Ball Express, kuanzia 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944, ulibeba mafuta na risasi kutoka Normandy, na takriban robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Hiyo ni sare ya mtu halisi, tena inayostahili kuonekana. Vivyo hivyo KAR (King's African Rifles, askari wa Afrika Mashariki chini ya Waingereza): Ethiopia 1941, Madagaska 1942, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye kichwa cha kifaru begani, ilifika Kalewa Desemba 1944. Amri zilitolewa kwa Kiswahili. Lakini mavazi ya msituni Burma msiyapeleke Normandy.

Cheo kiwe cha chini. Tepe za nishani msibandike. Nishani ya babu huvaliwa Uingereza kifua cha kulia, tena kwenye koti la kiraia.

Kimya_Tu
Naongeza moja. Colleville-sur-Mer, Normandy, kuna makaburi ya Wamarekani zaidi ya 9,300. Jipu liachwe maegeshoni na sare ibaki ndani yake. Waliolala pale hawakuwa kwenye igizo.

GariLaKijani
Nimewaelewa, asanteni. Ovaroli safarini, sare uwanjani. Trela ina msalaba mwekundu tuliouchora kwa ajili ya onyesho. Je, huo?

SheriaNaSare
Ufunikeni, mkuu. Uingereza msalaba mwekundu unalindwa na Sheria ya Mikataba ya Geneva ya 1957, na hautumiki bila idhini ya serikali. Tena kwenye ajali watu watawakimbilia wakidhani mna daktari. Kateni vipande vya turubai, shoneni sumaku kwenye pembe nne. Kwa usalama zaidi zungushieni kamba, maana upepo wa barabara kuu huving'oa.