Pikapu ya dizeli ya kubebea viazi Njombe: Hilux 2.4, D-Max 3.0, L200 au Land Cruiser?

Viazi_Uwemba
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nalima viazi mviringo Uwemba. Gari itatoa mzigo shambani kwenda Njombe mjini na Makambako, karibu tani moja kila safari, na mara mojamoja itashuka Dar kufuata dawa na spea za pampu. Njia ya shambani ni udongo mwekundu, masika inateleza balaa.

Nimezipata nne, zote mtumba na zote gia za mkono: Hilux 2.4 yenye injini ya 2GD, Isuzu D-Max 3.0, Mitsubishi L200 2.4 na Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ. Nataka ipande mlima na mzigo wake bila kunimaliza kwa mafuta. Kijiweni wananiambia 1HZ haina mpinzani. Ni kweli?

Fundi_Nozeli
Mkuu, kwa uimara wako sahihi. Kwa nguvu hapana, tena hasa huko kwenu.

1HZ ina cc 4,164 na silinda sita, lakini haina tabo, yaani kile kifaa cha kusukuma hewa ya ziada kwenye injini. Torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa Nm, ni 285 hivi, farasi kama 130. Hilux 2.4 ina cc 2,393 tu, ila tabo inaipa farasi 150 na Nm 400, na hizo Nm unazipata mapema, kwenye mizunguko 1,600 hadi 2,000 kwa dakika. Gari yenye mzigo inapandishwa na torki ya chini. Farasi wengi wanaopatikana kwenye mizunguko 3,500 hawakusaidii kitu ukiwa gia ya pili na magunia nyuma.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo wengi hawalihesabu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo 1HZ ikiwa kwenu imeshapoteza kama sehemu moja ya tano kabla hujapakia gunia hata moja. Ndiyo maana unaziona zinatoa moshi mweusi kwenye vilima, dizeli ni nyingi kuliko hewa. Yenye tabo inasukumiwa hewa, kwa hiyo mwinuko unaiumiza kidogo sana.

Ila na wewe angalia, 2GD zote si sawa. Kuna matoleo ya Nm 343 na ya Nm 400. Muulize muuzaji, na mwenyewe uhakikishe kwa namba ya chesisi.

Makete_Juu
Fundi nakuheshimu, lakini usiidharau 1HZ. Mimi naishi nayo huku. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haina kompyuta ya kuitafsiri, na fundi yeyote wa kijijini anaifungua. Springi na difu zake hazijali mzigo. Huku mvua za Machi gari ikikukatalia porini, hakuna wa kukuletea mashine ya kupimia.

Kwenye mafuta, ukweli niuseme: sijawahi kuvuka kilomita nane kwa lita, na nikipakia inashuka. Kama mzigo wako unapita kwenye lami zaidi ya porini, utalipia uimara usiouhitaji. Usisahau pia kwamba 1HZ ina mkanda wa taiming, ule unaopanga valvu zifunguke kwa wakati wake. Wengi wanadhani ni cheni, wanauacha mpaka unakatika.

Molo_Farmer
Salamu kutoka Molo, huku pia ni viazi. Ndugu yangu, D-Max usiiache nyuma. Lakini sema ni 3.0 gani, kwa maana ziko vizazi viwili. Ile yenye injini ya 4JJ1 ipo ya farasi 177 na Nm 380. Mpya yenye 4JJ3 ina farasi 190 na Nm 450 kuanzia mizunguko 1,600.

Yangu ni 4JJ1. Kupanda kutoka Nakuru kwenda Mau Summit nikiwa nimejaza, inashika gia ya nne pale wengine wamerudi ya tatu, na injini inatulia, haihangaiki. Hiyo ndiyo faida ya cc kubwa yenye tabo, haikamuliwi sana. Nikiwa na mzigo napata kilomita kumi kwa lita, mtupu kumi na mbili. Spea kwetu hazisumbui kwa sababu Isuzu zinaunganishwa Nairobi. Huko kwenu pita maduka ya spea kwanza, uone filta na klachi zinapatikana kwa bei gani.

Dada_Igurusi
Mimi ninayo L200 2.4, yenye injini ya 4N15. Farasi 181, Nm 430, na inakata kona fupi kuliko Hilux, jambo linalosaidia sana kwenye majaruba. Yenye Super Select, mfumo wa fo wili wa Mitsubishi, unaweza kuweka fo wili hata kwenye lami iliyolowa. Hizo nyingine fo wili yake ni ya kwenye tope na vumbi tu, ukiilazimisha kwenye lami kavu unaumiza kontroboksi, lile linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na nyuma.

Angalizo ni mawili. Bloku yake ni ya aluminiamu, ikichemsha mara moja tu umeingia gharama kubwa, kwa hiyo rediaeta na kulanti (maji ya kupoozea injini) visiwe vya kubahatisha. Pili, boksi linachomoza sana nyuma ya ekseli. Magunia mazito yasukume mbele yakaribie kebini. Ukijaza mkiani, chesisi inateseka kwenye mashimo na usukani unakuwa mwepesi.

Kitonga_Express
Nyie mnabishana injini, mafuta yanapotea kwenye mguu. Kati ya 80 na 110 kwa saa tofauti ni kubwa kuliko kati ya Hilux na D-Max. Matairi ya tope yenye meno makubwa yanakula, upepo pungufu unakula, kizimba kirefu cha kupakilia kinakula hata ukiwa mtupu.

Na mkuu ukiteremka mlima wa Kitonga usiweke nyutro kwa kudhani unaokoa mafuta. Injini hizi ambazo nozeli zake za kupulizia dizeli zinaendeshwa kwa umeme, ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa, zinakata dizeli kabisa. Ukiweka nyutro inaendelea kunywa ili isizime, na breki unaziunguza zikiwa na tani moja mgongoni.

Viazi_Uwemba
Asanteni sana. Land Cruiser naiweka pembeni, njia yangu mbaya ni fupi, nyingine yote ni lami. Nimebaki na Hilux na D-Max. D-Max niliyoiona ni 4JJ1 ya singo kebini, Hilux ni dabo kebini. Fundi, ungekuwa wewe?

Fundi_Nozeli
Kwa tani moja kila siku, D-Max ya singo kebini, bila kusita. Dabo kebini ukiweka watu watano na tani moja umeshazidisha uzito, na boksi lenyewe ni fupi. Hilux itakupa nafuu kidogo ya mafuta na itauzika haraka baadaye, lakini wewe unanunua gari ya kazi. Zote mbili zina cheni ya taiming, hapo hakuna tofauti.

Kabla ya kulipa, nenda alfajiri na umwambie muuzaji asiiwashe. Shika bloku, iwe baridi. Washa usikilize. Ikigonga kama nyundo ndogo kisha ikatulia baada ya dakika chache, au ikatoa moshi mweupe unaochoma macho, nozeli zimechoka. Mpe fundi apime marejeo ya dizeli, ile inayorudi kutoka kwenye nozeli, kila nozeli na kichupa chake. Moja ikijaza haraka kuliko wenzake, hiyo imekufa, na bei ya nozeli uikate kwenye bei ya gari.

Halafu fungua kiskrubu cha chini ya filta, kinga kwenye chupa inayoonyesha ndani, uiache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Ukiona maji mengi au chenga za kutu, huyo alikuwa anajaza kwa madumu, na pampu ya presha haiisamehe dizeli iliyochakachuliwa. Iache hiyo gari, tafuta nyingine.